Mfuko Mweusi Usiooshwa

Vijana wangu wa depo,

Siku mliponiaga mlinipa mfuko wa rangi ya machungwa, wenye maandishi yanayosema kwamba maji hayaingii hata ukiuzamisha. Nawashukuru sana. Ila mlipokuwa bado mnapiga makofi, mmoja wenu, ambaye simtaji jina lakini anajijua kwa masikio yake, aliniuliza mbele ya watu wote: "Mama Ngoie, sasa unaenda, tutupe ile mufuko nyeusi ya ku musumari? Ao tuioshe tu?"

Nilisema nitamjibu kwa maandishi. Nikijibu kwa mdomo mnaanza kucheka kabla sijafika mwisho, na hadithi hii ukiikata katikati inaharibika. Kaeni basi. Nani alipanda cheo na nani alipunjwa mshahara, waulizeni wanaoyajua hayo. Mimi nilikuwa na mifuko.

Niliingia kazini Kolwezi miaka ya mwanzo ya Zaire. Nchi ilikuwa imebadilishwa jina, na sisi pia. Kila mtu alikuwa citoyen au citoyenne, yaani raia, na majina ya ubatizo tuliyaacha kanisani. Kikosi chetu kilikuwa cha utafiti wa madini. Wanaume walikwenda porini majuma kwa majuma kupima ardhi na kuchimbua udongo, na depo ndiyo iliyowapa mahema, kamba, nyundo, magodoro, na ile darubini ya kupimia ambayo ilibembelezwa kuliko mtoto mchanga. Kazi yangu ilikuwa kushona mahema yaliyochanika na kuhakikisha kila kitu kinaondoka kikavu na kurudi kikavu.

Nilichukuliwa kwa majaribio, mpaka mvua za mwaka ule ziishe. Mama yangu aliuza unga sokoni, na magoti yake yalikuwa yamekwisha kumkataa. Wadogo zangu walikula kwa mikono yangu. Ningebakizwa depo, nyumba yetu ingesimama. Nisingebakizwa, ningerudi kukaa kando ya mama na kopo la kupimia unga, na unga wenyewe ulikuwa unapungua. Kwa hiyo niliogopa maji kuliko mtu mwenye homa anavyoogopa kuoga.

Mtunza depo alikuwa mzee tuliyemwita kwa heshima tata Ramazani. Ukoo wake ulitoka upande wa Kasongo, watu wa biashara na usafirishaji. Ndugu zake wote walikuwa na makamio, yaani malori, na yeye peke yake ndiye aliyechoka na barabara. Alivaa kofia yake nyeupe hata alipokuwa amejaa mavumbi mpaka kwenye kope. Siku yangu ya kwanza hakunisalimia. Alinipa mfuko mkubwa wa turubai, akanitoa nje juani, akasema: "Ingiza kichwa."

Nikaingiza. Kulikuwa na giza na harufu ya nta.

"Unaona nyota?"

"Minaona, tata. Mingi."

"Basi ile haiko mufuko. Iko chujio. Toka, tusalimiane."

Hilo ndilo somo la kwanza, na bado linafaa. Mfuko wowote mtakaoletewa, hata ukiwa na muhuri wa nchi tatu, ingizeni kichwa na mtazame jua. Tundu la sindano likionekana kama nyota, maji nayo yatalipata. Somo la pili ni la shavu: jaza mfuko hewa, kunja mdomo wake mara tatu, ukalie kidogo, kisha pitisha shavu kwenye mishono. Hewa inayotoroka utaisikia kabla mkono haujaisikia. Msitumie shavu lenye ndevu.

Somo la tatu lilikuwa makayabu.

Nyinyi mnaijua makayabu ya sahani. Sisi tuliijua makayabu ya kazi. Tata Ramazani alikuwa na imani moja ambayo hakuna aliyeweza kumtoa: maji ni mavivu, yanasubiri njia ifunguke, lakini harufu ya samaki wa chumvi haisubiri mtu. Kwa hiyo alichukua kipande cha makayabu, akakifunga ndani ya mfuko, akautundika nyuma ya depo, akaleta kiti na kipande cha chaki. Halafu akangoja inzi. Inzi alipotua kwenye mshono na kuanza kusugua mikono, tata Ramazani alinyanyuka polepole na kupiga alama pale pale. Tulishona juu ya alama, tukapaka gundi ya mpira, tukatundika tena. Mfuko ambao inzi waliuzunguka na kuondoka wamekasirika, huo uliandikwa kuwa mzuri.

Kisha makayabu ililowekwa, ikapikwa kwa nyanya na kitunguu, tukaila na bukari, ugali wetu. Sijawahi kufanya kazi nyingine ambayo mtihani wake unaliwa.

Lakini shikeni jambo moja, maana ndilo lililotaka kunitoa kazini. Mfuko uliofaulu mtihani ule hautumiki siku hiyo. Unasuguliwa kwa majivu na ndimu, unageuzwa nje ndani, unaachwa upepo uupitie siku kadhaa. Mfuko usiotoa harufu nje unaiweka wapi? Unaiweka ndani yake, inatulia, inamsubiri mgeni. Ni hivyo hivyo na hema lililoloa: ukilifungia katika mfuko usiopitisha maji, usishangae kulikuta limeota ndevu za kijani. Mfuko mzuri haujui lililo jema na lililo baya. Unatunza tu ulichoupa.

Shefu wetu, mkuu wa kikosi, aliitwa citoyen Kapend. Alikuwa bado kijana, mwenye akili na mwenye haki, na simsemi vibaya. Lakini Mungu alikuwa amempa pua. Aliweza kusimama mlangoni akajua nani amevuta sigara na nani amekula kitunguu. Katika mfuko wa shati alikuwa na mushwari mweupe, yaani kitambaa kilichonyunyiziwa manukato, na harufu ilipomwudhi aliutoa akaubandika puani kama mtu anayefunga barua. Na kitu kilichomwudhi kupita vyote duniani kilikuwa makayabu.

Siku moja upepo uligeuka. Mtihani wetu ukaingia ofisini kwake kupitia dirishani, wakati wakubwa kutoka Lubumbashi wameketi wanakunywa kahawa. Alikuja depo mushwari puani, sauti yake ikitokea kitambaani.

"Tata Ramazani, kutoka leo, samaki haiingie mu depo. Hata picha ya samaki."

"Na ya mukebe, chef?"

"Hata ya mukebe!"

"Sawa, chef. Sasa tutapima mifuko na nini?"

"Na akili!"

Alipoondoka tata Ramazani alikaa juu ya gunia la kamba akafikiri. "Akili," alisema mwishowe, "inzi hawaipende."

Haikupita muda tukaambiwa kwamba kikosi kitakwenda upande wa Mutshatsha na kupita mbele, mvua zikiwa zimeanza. Ilibidi kuchagua mifuko mipya. Kulikuwa na aina mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa ya njano, imeletwa na mfanyabiashara mmoja kutoka ng'ambo, inang'aa mpaka ukaona meno yako. Ya pili ilikuwa myeusi, ya mpira wa ndani wa magurudumu ya yale makamio makubwa ya machimbo ya shaba. Fundi mmoja wa magurudumu aliikata na kuiunganisha kwa moto. Ilikuwa mizito, mibaya kwa sura, na ilipaka masizi kwenye nguo. Kwa macho tu, hata mimi ningechagua ya njano.

Citoyen Kapend akaniita. "Citoyenne Ngoie, weye njo utachagua. Na utakwenda na sisi. Kitu moya ikiharibika mu mufuko, hata moya, majaribio yako inaisha pale pale mu barabara."

Nikasema sawa, chef.

Kisha akashusha sauti, akawa mtu mwingine kabisa. "Na utanichagulia moya ya muzuri kupita zote. Juu ya abacost yangu. Mu Mutshatsha nitaenda kujionyesha kwa baba na mama ya Masengo."

Abacost ilikuwa suti ya heshima ya wakati ule, isiyo na tai. Masengo nilimjua. Alikuwa anajifunza uuguzi pale Kolwezi, msichana mwembamba, mwenye macho ya kucheka. Wote tulijua shefu amekufa ameoza kwake. Juma lile lile, kabla hajapanda treni kwenda likizo kwao Mutshatsha, Masengo alikuja depo akijifanya anatafuta uzi. Akanivuta nyuma ya mahema.

"Ngoie, dada, minaogopa. Sikumuambia Kapend kazi ya mama yangu."

"Anafanya kazi gani?"

"Anauzisha makayabu. Inatoka Angola, inapita Dilolo na treni. Nyumba yetu yote inanukia. Bachumba batatu balisha kuya, na mama alibafukuza bote, juu ya namna balifanya na pua. Anasema muntu mwenye kuchukia kazi yake hatakula bintu ya kazi yake, na mutoto yake njo kintu ya kwanza."

Nilicheka, nikaona machozi yake, nikaacha kucheka. "Muambie basi."

"Nikimuambia hatakuya! Ao atakuya na mushwari mbili. Usimuambie, dada. Mungu atafanya namna."

Nikaapa kunyamaza. Niliona ile ni kazi ya Mungu, na mimi nilikuwa na kazi ya mifuko.

Asubuhi ya kuondoka, tata Ramazani na mimi tulikuwa tumekwisha kuingiza makayabu katika mifuko yote, ya njano na myeusi, kimya kimya, tukaipanga depo. Niseme nini? Darubini ilikuwa inaingia katika moja ya mifuko ile, na nyumba yetu ilikuwa inaingia pamoja nayo. Lakini mbingu zilikuwa zimevimba, upepo wa mvua umefukuza inzi wote, hata mmoja hakuonekana. Tulikaa na chaki mkononi kama walimu siku ya likizo.

Ndipo mlango ukafunguka, citoyen Kapend akaingia.

Tulitazamana, tata Ramazani na mimi.

"Chef," tata Ramazani akasema kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake, "kuya uangalie mifuko mbele ya kupakia. Moya moya. Karibu kabisa, uone mushono."

Shefu akainama kwenye mfuko wa kwanza wa njano. Akasimama ghafla. "Nini inanuka hivi? Makayabu!"

"Apana, chef. Ile iko harufu ya kiwanda. Kule kwabo banaikala pembeni ya bahari."

"Toa hii!"

Nikautoa. Akaenda wa pili. "Toa!" Wa tatu wa njano ulimfanya atoe mushwari. "Toa, toa! Nani alinunua bintu hii?" Alikuwa amenunua yeye, lakini si wakati wa kukumbushana. Akafika kwenye mifuko myeusi. Wa kwanza akanusa mshono, akakunja uso. "Kidogo. Toa." Wa pili akanusa, akanusa tena, akaondoa mushwari, akapitisha pua yote kutoka mdomo wa mfuko mpaka kitako. "Hii, hapana. Hii iko safi. Nusa, citoyenne."

Nikanusa. Mpira mtupu. Hivyo ndivyo shefu aliyepiga marufuku mtihani alivyoufanya mwenyewe, vizuri kuliko inzi wote wa Kolwezi, na hakutua hata mara moja kusugua mikono. Mifuko myeusi iliyopita puani pake ilikuwa michache, nayo ikatutosha.

Tulikuwa tunafurahi bado, tukitoa vipande vya makayabu kwa mlango wa nyuma na kuvificha chini ya magunia, shefu alipotokea tena na abacost yake mkononi. Mpya kabisa, rangi ya majivu, imepigwa pasi mpaka ikawa na makali. "Kamio inaondoka. Mufuko yangu iko wapi?" Akauona ule aliousifu, mdomo wake wazi, nimetoka kuutoa samaki wakati ule ule. Akaingiza abacost kwa mikono yake mwenyewe, akakunja mdomo mara tatu kama tulivyomfundisha, akafunga kamba.

Majivu hayakupita hapo, wala ndimu, wala upepo. Nilimtazama tata Ramazani. Tata Ramazani alikuwa anatazama dari.

Safari yenyewe mnaijua barabara ile. Mvua ilitupata kabla ya nusu ya njia. Penye kijito kimoja chenye daraja la magogo, kamio liliteleza, likainamisha ubavu, na nusu ya mizigo ikaingia majini. Wanaume wakaruka. Mimi nilisimama ukingoni, nimeshika kichwa, nawaona wadogo zangu wakielea pamoja na mifuko. Mmoja ulikuwa na darubini. Mwingine, ule wa shefu, ulikuwa umejaa hewa, ukaondoka na mkondo ukijizungusha kwa raha zake.

"Ile ya kwangu! Nyeusi!" shefu alipiga kelele.

"Zote ziko nyeusi, chef!" tata Ramazani alimjibu. "Weye njo ulichagua!"

Waliipata yote, ya mwisho ikiwa imekwama kwenye matete. Darubini ilitoka kavu, hata kioo hakikuwa na ukungu. Nilikaa kwenye tope nikalia, na sioni haya kusema hivyo.

Tukafika Mutshatsha siku iliyofuata, jua limetoka. Padre mmoja alitupa chumba cha kufikia. Familia ya Masengo ilikuwa inamngoja shefu alasiri ile ile, na tata Ramazani ndiye atakayemsemea, maana kijana hajiombei mke kwa mdomo wake mwenyewe. Nilikuwa nje nikianika kamba, nikasikia shefu anafungua mfuko.

Mkunjo wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Halafu jina langu, kwa sauti ya chini, ambayo ni mbaya kuliko ya juu.

Niliingia. Abacost ilikuwa kavu. Mkunjo wa pasi ulikuwa pale pale. Na harufu iliyotoka mle iliweza kusimama yenyewe na kututolea salamu. Nguo nzito vile, zimefungiwa humo mchana na usiku pamoja na roho ya makayabu, zilikuwa zimeinywa yote.

Nguo zake nyingine zilikuwa za porini, zina tope. Muda haukuwepo.

"Citoyenne," akasema, naye alikuwa karibu kulia, "nilikuambia kitu moya ikiharibika. Ukirudi Kolwezi, tafuta kazi ingine."

Niliona soko. Niliona kopo la unga. Nilitaka kusema kwamba mfuko haukuingiza hata tone, kwamba yeye mwenyewe aliunusa, lakini mwanamume aliyevaa samaki anakwenda posa hataki kusikia habari za mishono. Kisha, katikati ya hofu yangu, nikamkumbuka Masengo nyuma ya mahema. Nikakumbuka nyumba inayonukia na wachumba watatu. Kicheko kikanipanda kutoka tumboni, nikakimeza kwa nguvu mpaka masikio yakauma. Nilikuwa nimeapa kutosema kazi ya mama yule. Sikuwa nimeapa kutotoa ushauri.

"Chef, sikia. Vaa vile vile. Lakini mushwari uache hapa."

"Nitaacha namna gani? Mi mwenyewe siwezi kuvumilia!"

"Ukifunika pua, bote batajua ni weye unanuka. Ikala tu kimya, pumua kama kawaida, ufanye sawa vile hakuna kintu. Batafikiri iko inatoka kwingine."

Alinitazama kwa chuki, akaona sina uongo usoni, akanipa mushwari. Ulikuwa na joto la mkono wake.

Tulikwenda watu watatu: shefu mbele na harufu yake, tata Ramazani na kofia safi, mimi nyuma na kapu la zawadi. Tulipokaribia nyumba ya mama Kabange, mama yake Masengo, harufu ile ikaja kutupokea njiani. Shefu akaharakisha hatua. Maskini, alifikiri ni upepo unamrudishia ya kwake.

Mama Kabange alikuwa mwanamke mpana, wa sauti ya taratibu, kitenge kimefungwa kifuani. Mumewe alikuwa mtu wa reli, mkimya, na ilionekana wazi nani anaamua pale. Tuliketishwa sebuleni. Nyuma ya pazia, chumba cha ndani kilikuwa kimejaa magunia ya makayabu mpaka juu. Masengo aliingia na maji ya kunywa, magoti chini, macho chini. Alipomfikia shefu pua yake ilitikisika. Akainua macho kunitazama, akasahau kuachia bilauri ya maji.

Tata Ramazani alisema maneno yake vizuri sana, ya mbali yakija karibu. Mimi sikumsikiliza. Nilitazama mkono wa shefu. Ulipanda kwenye mfuko wa abacost, ukakuta hakuna mushwari, ukashuka. Ukapanda tena, ukashuka. Mwishowe aliuweka juu ya goti, akaushika kwa mkono wa pili. Jasho lilikuwa linamtiririka. Alikaa wima, akapumua kama mtu mzima, akamtazama mama Kabange usoni kwa unyenyekevu wa mtu anayejua kwamba amechafua nyumba ya watu.

Mama Kabange alikuwa anamtazama vile vile. Alipochoka kumtazama alimkatisha tata Ramazani.

"Wa kwanza alikohoa," alisema. "Wa pili alisema anaenda kuvuta hewa, hakurudia. Wa tatu alitoa kitambaa, akaweka ku pua, mu nyumba yangu, mbele ya bwana yangu. Huyu njo wa kwanza kuikala sawa vile muntu eko kwabo."

Akanyanyuka, akamkaribia shefu. Nikafumba macho. Nilimsikia anavuta pumzi.

"Na nguo yake inanukia kazi yangu! Mutoto, nani alikuambia ufanye hivi?"

Shefu akamgeukia msemaji wake. Ndipo tata Ramazani alipojipatia pepo, kama ipo pepo ya waongo wenye nia njema. "Mama," akasema, "kijana wetu alisema: siwezi kuingia kwa mama na manukato ya wazungu, sawa vile minamuchekelea. Nitaingia na harufu ya mukono yenye ilimusomesha Masengo."

Mama Kabange alikaa chini, akafuta macho kwa pembe ya kitenge. "Miaka yote hii," alisema, "hata batoto yangu banageuza uso nikibakumbata." Hakuna aliyecheka. Mimi pia sikucheka, na nilipomtazama shefu niliona kwamba ameelewa kila kitu kwa mara moja: pazia, magunia, harufu, na Masengo aliyeinamisha kichwa mlangoni. Pua yake ile haikuwa mjinga.

Angeweza kusema ukweli akajitetea. Alisema: "Mama, zawadi yetu ni ndogo, lakini tumekuya na moyo."

Wakaleta chakula. Mnadhani nini? Makayabu, bila shaka, na bukari mlima mzima. Sahani ya kwanza shefu aliila macho yamefumbwa, wakadhani anasali. Ya pili aliila akiwa amefungua macho. Ya tatu aliomba mwenyewe, na tata Ramazani akanikanyaga mguu chini ya meza ili nisicheke.

Tulirudi kwa miguu wakati jua linashuka. Posa imekubaliwa, tata Ramazani anatembea kama yeye ndiye aliyeposa. Mimi nilibaki nyuma. Furaha yao haikuwa imenirudishia kazi yangu, na sikujua kama shefu anakumbuka alilosema au ananisubiria Kolwezi. Penye reli akasimama, akaningoja.

"Citoyenne Ngoie."

"Chef."

"Weye ulijua."

"Nilijua, chef. Lakini niliapa."

"Hm." Akatembea kidogo. "Na mufuko haukuingiza maji."

"Hata tone."

"Ile mufuko yangu iko wapi sasa?"

"Ku kamio, chef. Tukifika tu, nitaiosha na majivu na ndimu, nitaianika, nitaigeuza nje ndani, mpaka iishe kabisa."

Aligeuka haraka, akaninyooshea kidole. Nikajua ni kazi inakwenda.

"Usiioshe," akasema. "Krismasi tunarudia kwa mama. Na weye njo utaipakia."

Ndivyo nilivyopata kazi, vijana wangu. Kila mwaka aliniletea abacost mwenyewe, siku mbili kabla ya safari ya Mutshatsha, nami niliifungia humo pamoja na kipande kidogo cha kuongeza nguvu. Treni za Angola ziliposimama na makayabu ikawa ngumu kupatikana, tulikitafuta hicho kipande kama dawa. Abacost zilipokwisha zamani zake, akaleta koti. Mama Kabange hakuambiwa kamwe, au aliambiwa na hakujali. Alimwita Kapend "mutoto yangu ya kweli", na watoto wake wa tumbo walinuna.

Mama Kabange alipokufa, mazishi yalikuwa Mutshatsha. Siku Kapend aliporudi kutoka huko, alipita depo mchana, tayari mzee, tayari amestaafu. Tata Ramazani hakuwapo tena. Nilikuwa peke yangu nikitia nta turubai. Hakunisalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye msumari nyuma ya rafu ya kamba, akakunjua mdomo wa mfuko wake mweusi mara tatu, akaingiza humo uso wake wote, na pua yake ile, akabaki hivyo, mabega yakitikisika.

Nikamsogezea kiti.

Bado anapita, mara moja moja. Mkimwona mzee wa fimbo anaelekea nyuma ya rafu ya kamba, msimwulize anatafuta nini. Mpeni kiti mtoke nje.